Oili ya kwanza baada ya ovaholi

Injini ikitoka ovaholi (kufunguliwa na kukarabatiwa upya), usiianzishe kwa oili ya sintetiki. Weka oili ya kawaida ya madini, isiyo na viongezo vya kupunguza msuguano. Ringi mpya za pistoni lazima zisuguane na kuta za silinda ndipo zikae. Zikishindwa, kuta hung'aa kama kioo, injini inakula oili na kutoa moshi wa buluu.

Kemshafti mpya (mhimili unaofungua vali) yenye tapeti bapa, yaani vipande vinavyosukumwa na kemshafti, zisizo na rola, inataka oili yenye zinki na fosforasi nyingi. Injini ikiwaka tu, shikilia kasi ya mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika moja, kwa muda wa dakika 20. Ikinguruma polepole, kemu (nundu za kemshafti) hairushiwi oili ya kutosha. Kisha badilisha oili pamoja na filta. Badilisha tena kwenye kilomita 800.