Namna ya kusoma kitenzi nuntiare
Ukikutana na kitenzi cha Kilatini nuntiare, yaani kutangaza au kupasha habari, mtafute kwanza anayepashwa, kwa kuwa huyo huwa katika umbo la yambwa tendewa, yaani la anayefanyiwa jambo: katika sala ya Malaika wa Bwana, Angelus Domini nuntiavit Mariae (“Malaika wa Bwana alimpasha Maria habari”), ni kiishio -ae kinachoonyesha kwamba Maria ndiye aliyepashwa habari. Ugumu halisi huja pale habari inapokuwa sentensi nzima, maana Kilatini cha kale hakitumii neno la “kwamba”, bali humweka mtenda katika umbo la yambwa tendwa, yaani la anayetendwa, na kukifanya kitenzi chake kuwa kitenzi-jina, kama “kuja”. Nuntius regi hostem venire nuntiat ni “mjumbe anampasha mfalme habari kwamba adui anakuja”. Hostem hapo ndiye anayekuja.