Kukodi kayaki Pwani: mambo ya kukagua kwa anayetoka Dodoma

Tangu SGR ianze kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, mtu wa Kisasa au Area D anaweza kupanda treni asubuhi na jioni akawa Unguja. Safari imekuwa nyepesi. Kinachoharibu likizo ni kufika ufukweni na kupokea kayaki (mtumbwi mwepesi wa kupiga kasia) yoyote iliyo karibu, siku yoyote, saa yoyote.

Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi, angalia mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na 15 za Kiislamu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na Unguja tofauti yake hufikia takribani mita 4. Siku hizo maji hukauka kwenye saa 4 asubuhi na kujaa kwenye saa 10 jioni. Maana yake, ukiwa Paje au Jambiani, upande wa mashariki wa Unguja, asubuhi upepo ukiwa bado mdogo bahari imerudi mbali na kayaki yako imekaa mchangani. Karibu na tarehe 8 na 22 ni maji mafu. Tofauti huwa ndogo, na kilele cha kujaa huangukia asubuhi, kwenye saa 4. Hizo ndizo siku za mgeni. Saa za maji husogea mbele kama dakika 50 kila siku, basi mwulize mvuvi yeyote wa hapo saa kamili ya siku yako.

Upepo nao una majira yake. Likizo ya Juni hukutana na kusi, ya Desemba na kaskazi. Kusi hutoka kusini-mashariki, hivyo upande wa mashariki wa Unguja hukusukuma kurudi ufukweni, ingawa maji yana mawimbi. Upande wa magharibi maji hulala kimya karibu na nchi kavu, na hapo ndipo watu hudanganyika: upepo unatoka nchi kavu, unakupeleka mkondoni, na ukigeuka kurudi unakuta unapambana nao. Asiyezoea hupiga kasia kwa mwendo wa kilomita 4 hadi 5 kwa saa tu. Anza kwa kwenda kinyume cha upepo, ili wakati mikono imechoka upepo ukusaidie kurudi.

Sasa chombo chenyewe. Kwa maji ya vuguvugu chukua kayaki ya kukaa juu, ile yenye matundu yanayopenya kutoka kwenye kiti hadi chini. Wimbi likiingia, maji hutoka yenyewe. Ikipinduka, unaigeuza na kupanda tena. Ile ya kuingiza miguu ndani huenda kasi na kunyooka vizuri, lakini ikipinduka hujaa maji, na kuyatoa katikati ya bahari ni kazi ya aliyefunzwa. Ya kujazwa upepo tuiache kwa maji yaliyotulia, maana upepo huichukua kirahisi na matumbawe hayaihurumii.

Ya mtu mmoja huwa na urefu wa mita 2.7 hadi 3.5. Fupi hugeuka haraka lakini huyumba kulia na kushoto kila unapopiga kasia. Kwa safari inayozidi saa moja, tafuta iliyo zaidi ya mita 3. Ya watu wawili hukaribia mita 4, na mzito hukaa nyuma, ambaye ndiye anayeongoza.

Hesabu uzito kabla ya kulipa, na usivuke robo tatu ya kiwango kilichoandikwa kwenye chombo. Baba kilo 85, mama 70, mtoto 25, maji na mizigo 10: jumla kilo 190. Familia hiyo inahitaji kayaki ya kubeba kilo 250 na ushee, wakati nyingi za watu wawili huandikwa 200 hadi 250. Wakodi mbili, mtoto apande na baba, mama achukue ndogo. Kama maandishi yamefutika, kaeni kwenye maji ya magotini: maji yakituama kwenye kiti, mmezidisha.

Ukaguzi usiuone aibu. Pindua kayaki uone tumbo lake. Nyufa huanzia kwenye kingo za matundu, chini ya kiti, na sehemu ya tezi, yaani nyuma ya chombo, inayoburuzwa kwenye mawe. Bonyeza kwa kidole gumba. Ufa mwembamba kama unywele utafunguka. Kiraka cha gundi ya kawaida usikiamini, kwa sababu plastiki hii haishikani nayo. Kisha tikisa usikilize kama kuna maji ndani, angalia kizibo cha kutolea maji ya ndani kama kina mpira wake, na uombe dakika 10 za majaribio karibu na ufukwe. Rudi, fungua kizibo, inamisha. Vijiko vichache si kitu; yakimwagika mfululizo, omba nyingine. Maji yaliyo ndani hukimbilia upande unaoinama, na ndiyo maana kayaki iliyotulia mwanzoni hupinduka baadaye.

Kasia liwe na sentimita 220 hadi 240. Kayaki ikizidi upana wa sentimita 75 chukua lililo refu, la sivyo utagonga ubavu kila pigo. Kama kasia ni la vipande viwili, kitufe cha maungio yake kijifunge kabisa.

Jaketi la kujiokolea lifungwe vifungo vyote, kisha mwenzako alivute mabegani kwenda juu. Likifika masikioni ni kubwa. Maboya ya watoto ya kujaza pumzi si mbadala wake.

Usijifunzie Mtera kabla ya safari. Lile bwawa lina viboko na mamba. Zoezi la maana hufanyika hapo hapo Pwani, maji yakiwa ya kiunoni: jiangushe kwa makusudi, geuza kayaki kwa kuvuta ukingo wa mbali, lala kifudifudi katikati yake huku ukipiga mateke, halafu geuka ukae. Kila mpandaji afanye hivyo mwenyewe, na atakayeshindwa abaki karibu na ufukwe, kwenye kina anachoweza kusimama.