Somo: Kurusha mpira wa besiboli, nguvu inaanzia miguuni

Ndugu zangu, habari za leo. Somo la urushaji limeombwa sana, na naliandika kwa wanaoanza: vijana wa sekondari, walimu wa michezo, na wazazi ambao watoto wao wameshaanza kuvaa glovu. Maelezo yote ni ya mrushaji wa mkono wa kulia. Wa kushoto, geuzeni tu.

Kwanza tujue kazi yenyewe ilivyo ngumu. Tangu mwaka 1893, kutoka kibao cha mrushaji, yaani kipande anachokanyaga anaporusha, hadi besi ya nyumbani, pale anaposimama mpigaji, ni mita 18.44. Besi hiyo ina upana wa sentimita 43, na mrushaji anatakiwa apitishe mpira juu yake, kati ya magoti na kifua cha mpigaji. Mpira wa kilomita 150 kwa saa unafika kwa takriban sekunde 0.4. Ndani ya muda huo mpigaji auone, aamue, na gongo liwe limeshazunguka. Aroldis Chapman, mzaliwa wa Cuba, mwaka 2010 alirusha mpira uliopimwa kilomita 170 kwa saa. Kwa warushaji wa ngazi hiyo, mkono unajizungusha begani kwa kasi ya nyuzi 7,000 hivi kwa sekunde, na ni miendo michache ya mwili wa binadamu inayoweza kushindana na huo.

Kasi hiyo haizaliwi begani. Inatoka ardhini, inapanda miguuni, inapita nyonga na kiwiliwili, na mkono unaipokea mwishoni. Vijana wetu wengi wamekua wakiangua maembe kwa mawe, na shabaha wanayo kweli, ila jiwe la embe hurushwa kwa mkono peke yake huku mwili umesimama. Ukirusha besiboli hivyo mara sabini kwa siku moja, kiwiko kitakulipiza kwa maumivu.

Hatua ya 1: Kuushika mpira

Msiipite haraka hatua hii. Chukua mpira uutazame: ngozi nyeupe, na uzi mwekundu uliopitishwa mishono 108. Uzungushe hadi uone mahali mshono unapopinda kama herufi U, kisha uulaze ili U hiyo ielekee pembeni. Weka kidole cha shahada na cha kati juu ya mpira, vikikatiza mshono, nyama ya ncha za vidole ikiwa juu ya uzi kabisa hadi uhisi umekwaruza. Vidole hivyo viachane kwa upana wa kidole kimoja au pungufu kidogo. Gumba likae chini, katikati yao. Kidole cha pete kiegemee ubavuni.

Sasa tazama kiganja. Kati yake na mpira lazima kubaki nafasi. Mpira ukizama kiganjani unapoteza kasi, na ukiukaba kwa nguvu kiwiko kinakaza. Ushike kiasi kwamba mwenzako anaweza kuuchomoa bila kuvutana nawe.

Kwa nini mshono ukatizwe? Ukiachia, vidole viwili vinauvuta mpira kwa nyuma na kuufanya uzunguke kinyumenyume, zaidi ya mizunguko 2,000 kwa dakika kwa warushaji wakubwa. Mzunguko huo unaisukuma hewa chini, na hewa nayo inaubeba mpira. Watu husema mpira "umepanda". Haupandi. Unashuka kidogo kuliko jicho la mpigaji lilivyotegemea, na gongo linapita chini yake.

Hatua ya 2: Kusimama na kunyanyua mguu

Mguu wa kulia uguse kibao, bega la kushoto litazame kwa mdakaji, mwenzako anayeupokea mpira nyuma ya mpigaji. Nyanyua goti la kushoto hadi usawa wa kiuno au juu kidogo, kichwa kikiwa juu ya mguu uliosimamia. Ukiyumba hapa, punguza mwendo na rudia bila mpira.

Hatua ya 3: Kupiga hatua mbele

Hapa ndipo urushaji wote ulipo. Usilishushe goti halafu ndipo uende. Nyonga ya kushoto iongoze kwenda mbele mguu ungali hewani, huku mguu wa kulia ukisukuma kibao. Hatua ya mtu mzima aliyezoea inakaribia urefu wake mwenyewe. Mtoto asilazimishwe kufika huko.

Unyayo wa kushoto ukitua, vidole vyake vielekee kwa mdakaji, vimegeuka ndani kidogo sana. Wakati huohuo mambo mawili yawe tayari: kiwiko cha kulia kimefika usawa wa mabega na mpira uko juu, na nyonga zimeanza kufunguka ilhali kifua bado kinatazama pembeni. Kuchelewa huko kwa kifua kunausokota mwili, na kinapoachia, mkono unavutwa wenyewe. Mkono ukiwa bado uko chini mguu unapotua, utalazimika kukimbiza mwili, na bega ndilo litakaloumia. Mpige kijana wako video kwa simu kutoka ubavuni, uisimamishe pale mguu unapogusa ardhi. Picha hiyo moja inatosha kukuonyesha kosa.

Hatua ya 4: Kuachia na kumalizia

Goti la kushoto liwe imara, kifua kipite juu yake, mpira uachiwe mbele ya uso wako. Usiusimamishe mkono baada ya kuachia. Uache ushuke hadi nje ya goti la kushoto, mgongo uiname, mguu wa kulia uje wenyewe. Misuli ya nyuma ya bega ndiyo breki, na breki inahitaji nafasi.

Hatua ya 5: Mpira wa pili

Ukiweza kuupeleka wa kwanza unapotaka, jifunze mpira wa kupunguza kasi. Uushike ndani zaidi, kwa vidole vitatu, na mkono uende kwa kasi ileile. Mpira utachelewa kwa kilomita 13 hadi 16 kwa saa, na mpigaji atakuwa amezungusha mapema. Mpira wa kupinda uje baadaye, miaka 13 au 14, na kwa aliyeshika vizuri hii miwili.

MASWALI YA WANACHAMA

Mzazi, Morogoro: Kocha, pole na kazi. Mwanangu ana miaka 11, analalamika kiwiko upande wa ndani kila baada ya mechi. Wenzake wanamwambia akaze. Na kuna aliyeniambia siku hizi kuna upasuaji unaoongeza nguvu.

Jibu: Asante mama, na mpe pole kijana. Asikaze. Aache kurusha kuanzia leo na aonwe na daktari, maana kwa umri wake mifupa ya kiwiko bado ina gegedu ya kukua, na hapo ndipo panapoumia. Mwongozo wa ligi kuu ya Marekani kwa miaka 11 na 12 unaweka kikomo cha mipira 85 kwa siku, na akifika 66 apumzike siku nne. Hesabu wewe mwenyewe kwa karatasi. Kocha akibanwa na mechi husahau.

Huo upasuaji unaitwa Tommy John, jina la mrushaji wa Los Angeles Dodgers aliyefanyiwa wa kwanza mwaka 1974 na daktari Frank Jobe. Alichukuliwa kano kutoka mkono mmoja, ikafungwa kwenye kiwiko cha mwingine. Alirudi uwanjani mwaka 1976 na akashinda mechi 164 zaidi. Ni tiba ya kilichokatika, mama. Hauongezi kasi, na hakuna mtoto mzima anayepaswa kuutamani.

Mwanafunzi, Dar es Salaam: Shikamoo kocha. Mimi sina kasi kabisa. Kuna maana ya kuendelea?

Jibu: Marahaba kijana. Ipo sana. Mariano Rivera wa Panama alikaa timu ya New York Yankees akitegemea karibu mpira mmoja tu, unaokata pembeni unapomkaribia mpigaji, akafunga mechi 652, yaani aliingia mwishoni na kuulinda ushindi wa timu yake. Kila mpigaji alijua kinachokuja. Chora kwa chaki ukutani mstatili wa sentimita 43, kuanzia magotini hadi kifuani, ugawe mara nne, na uitaje pembe unayolenga kabla hujarusha. Miguu na kiuno uviimarishe. Kasi itakuja na umri.

Mwanachama, Kampala: Kuna wetu waliofika mbali?

Jibu: Wewe ndugu ndiye ungetufundisha! Watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza Kombe la Dunia la Little League, ligi ya besiboli ya watoto, huko Williamsport, Pennsylvania, mwaka 2012. Na David Matoma, mrushaji wa Uganda, alisajiliwa na Pittsburgh Pirates, timu ya ligi kuu ya Marekani.

Mwalimu wa michezo, Dodoma: Shuleni hatuna tuta la mrushaji, ule mwinuko wa udongo anaosimama, wala mipira ya kutosha. Tuanzeje?

Jibu: Mwalimu, anzeni kwenye ardhi tambarare, ni nafuu pia kwa bega la mtoto. Tuta la wakubwa lina kimo cha sentimita 25 tu tangu 1969. Kabla ya hapo lilikuwa 38, likapunguzwa baada ya msimu wa 1968 ambao warushaji, Bob Gibson akiwa mbele yao, waliwazima kabisa wapigaji. Kwa walio na miaka 12 kushuka chini pimeni mita 14, chimbieni kipande cha ubao kiwe kibao, na mipira ya tenisi inatosha kufundishia hatua ya 2 hadi ya 4. Ile michache halisi iwekeni kwa ajili ya kushika na kulenga, na ikilowa msiitumie hadi ikauke, kwa sababu inakuwa mizito na kuteleza vidoleni.