Kuzuia fangasi kwenye meno ya bandia

Akriliki, yaani plastiki ya meno ya bandia, ni nyororo kwa macho tu. Ina vitundu na mikwaruzo, na humo fangasi aina ya Candida albicans hujishikiza, hujenga utando wa kunata, kisha kaakaa linawasha na kuwa jekundu. Utando ukikomaa dawa haiupenyi vizuri, kwa hiyo pambano lote ni kuzuia fangasi asishike.

Watafiti wanajaribu bayosafaktanti, yaani sabuni za asili zinazotengenezwa na vijidudu: ramnolipidi za bakteria Pseudomonas aeruginosa, safaktini ya Bacillus subtilis, soforolipidi za hamira Starmerella bombicola. Ncha moja ya molekuli hupenda maji, nyingine mafuta. Zikitanda juu ya akriliki, fangasi hukosa pa kushika. Hayo ni matokeo ya maabara, hayajawa tiba. Tafadhali usijaribu kuzichachusha nyumbani: Pseudomonas yenyewe huleta maradhi.

Nyumbani tumia kanuni ileile kwa sabuni ya maji ya kawaida. Kila usiku vua meno, tandika taulo ndani ya beseni yasivunjike yakiponyoka, weka matone mawili ya sabuni na usugue kwa mswaki laini dakika 2, hasa upande unaogusa ufizi, maana ndiko utando hujificha. Dawa ya meno iache. Chembe zake hukwaruza, na kila mkwaruzo ni makazi mapya. Maji ya moto hupinda akriliki. Kwa wanaotegemea visima vya maji ya chumvi hapa Dar, sabuni ya mche haitoi povu na huacha ukoko, hivyo suuza kwa maji ya kunywa.

Mara moja kwa wiki, kama meno hayana chuma, changanya kipimo 1 cha Jik ya 3.5% na vipimo 6 vya maji. Loweka dakika 3, zisizidi 10, kisha suuza sana. Usichanganye na siki: hutoa gesi ya sumu.

Lala bila meno, yakiwa ndani ya maji safi yanayobadilishwa kila siku.

Wekundu usipoisha, nenda kliniki ya meno. Ukipewa nistatini (dawa ya fangasi), tibu mdomo na safisha meno kwa pamoja. Ukiacha kimoja, fangasi hurudi kupitia hicho. Pima na sukari ya damu, maana kisukari huchangia fangasi kurudi.