Kabla hujaliachia gari la rimoti vumbini

Gari la rimoti la kipimo cha 1/10, lenye mota isiyo na brashi na betri ya lipo (lithiamu-polima) ya seli tatu, si la kumpa mtoto wa chekechea akachezee sebuleni. Lina kilo mbili na ushee na ukiliachia linakimbizana na bodaboda. Nayasema haya mapema kwa sababu kila likizo napigiwa simu na mtu aliyeletewa gari na shemeji yake anayeishi nje, ameshalishusha uwanjani, na sasa anauliza mbona linanuka. Ungeuliza jana.

Betri, kwa ufupi, maana kila mtu anajua ila hafanyi. Seli ya lipo ikijaa ina volti 4.2. Usiishushe chini ya 3.2, na kama wiki hii huendi uwanjani iache kwenye 3.8. Chaji kwa chaja inayosawazisha seli, juu ya sakafu ya saruji, mbali na makochi, na wewe uwepo hapo hapo. Iliyovimba imekufa, hata kama ilikuwa ya bei. Na usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani mwezi wa kumi, Dodoma hii unaijua.

Skrubu zinazoingia kwenye chuma zipake gundi ya kuzuia nati kulegea. Zinazoingia kwenye plastiki usizipake, ile gundi inaidhoofisha plastiki. Beba alenki zako mwenyewe. Ukizoea kuazima, siku moja utarudishiwa gari lenye skrubu zilizolika vichwa.

Watu wakija kutoka Dar huniuliza kuhusu miiba. Miiba yetu inatoboa baiskeli kila siku, ila tairi za magari haya hazijazwi upepo, ndani zina sponji, kwa hiyo mwiba ukiingia unauchomoa unaendelea. Kagua tu kama tairi bado imeshika rimu, ikiachia ongeza supagluu. Adui wa hapa ni vumbi, hasa kuanzia Juni upepo unapoanza. Vumbi letu ni laini kama unga wa sembe, linaingia kwenye beringi, kwenye difu, na kwenye shafti za shokapu hadi zinakula sili na oili inavuja. Weka beringi zenye kifuniko cha mpira. Ukimaliza kukimbiza, safisha kwa brashi ya rangi iliyo kavu. Ukienda kwa fundi pancha akupulizie upepo, sawa, ila usiuelekeze kwenye beringi ukafurahia inavyozunguka na kulia. Unaisukumia mchanga ndani kwa nguvu.

Kwenye kutyuni, tamaa ya kwanza ni gia. Mtu anaona gari la mwenzake linamwacha, anatoa pinioni, ile gia ndogo ya kwenye mota, ya meno 13 anafunga ya 18 kwa mkupuo. Ongeza jino moja, ukizidi sana mawili, kimbiza dakika tatu au nne, kisha gusa mota. Ukishindwa kuacha kidole hapo kwa sekunde kadhaa, rudisha ile ndogo. Ikipita nyuzi joto 80 unaipika. Unapofunga, weka kipande cha karatasi ya daftari katikati ya pinioni na gia kubwa, zibane pamoja, kaza mota, halafu itoe karatasi. Nafasi inayobaki ndiyo sahihi. Na wenye injini ya naitro, ile inayochoma mafuta badala ya kutumia betri, mkumbuke Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi, hivyo mchanganyiko wa mafuta na hewa uliowekwa Dar utakuwa na mafuta mengi huku. Punguza kidogo kidogo, maana ukiyapunguza kupita kiasi injini inakosa kilainishi.

Sasa hili lingine naomba usome polepole.

Risiva, yaani kifaa ndani ya gari kinachopokea mawimbi ya rimoti, za siku hizi nyingi zina kinga ya mawimbi kupotea, mafundi wanaiita feilisefu. Rimoti ikizimika, risiva inaipeleka mota mahali ilipofundishwa. Neno la kuangalia hapo ni ilipofundishwa. Mimi nilibadilisha risiva jioni moja, mpwa wangu amesimama pembeni, na wakati naiunganisha na rimoti nilikuwa namwonyesha triga, ile ya mwendo kwenye rimoti, inavyovutwa. Kidole changu kilikuwa kimeivuta mpaka mwisho. Risiva ikakariri hapo hapo. Wiki nzima nikakimbiza bila tatizo kwa sababu mawimbi hayakupotea hata mara moja.

Jumapili yake tukaenda upande wa Nzuguni, kwenye uwanja ambao watoto huchezea mpira. Kwenye rimoti nilikuwa nimeweka betri nilizochomoa kwenye saa ya ukutani. Taa ilianza kuwaka na kuzima, nikajisemea nimalizie mizunguko miwili. Rimoti ikafa. Gari halikusimama, likaongeza mwendo. Likapita katikati ya mawe mawili ya goli, golikipa akaruka, likaenda moja kwa moja kwenye baiskeli ya mzee mmoja muuza maji iliyoegemezwa kwenye mti na madumu manne yamejaa. Baiskeli chini. Madumu mawili yakapasuka. Gari likapinduka chini ya baiskeli, magurudumu juu, yanazunguka kwa kasi yote, tairi zimetanuka kama maandazi, na mimi nimeshika rimoti isiyo na uhai. Hakuna wa kupeleka mkono pale. Nililikandamiza kwa kiatu ndipo nikachomoa plagi ya betri. Kidhibiti mwendo kilishaungua.

Mzee alisogea, akaniangalia mimi, akaiangalia rimoti, akauliza taratibu, “Mjukuu wangu, hiki kilikuwa kinaendeshwa na nani?” Sikuwa na jibu. Nikaomba radhi, nikalipa madumu na maji, nikamsukumia baiskeli mpaka kwenye bomba.

Kwa hiyo kila ukibadilisha risiva, na kila siku kabla ya kukimbiza, lipandishe gari juu ya tofali magurudumu yakae hewani. Vuta triga kidogo, kisha zima rimoti. Magurudumu yasimame papo hapo. Yakiendelea, unganisha upya huku kidole kiko mbali na triga. Unapowasha, rimoti kwanza, gari baadaye. Unapozima, gari kwanza. Rimoti iwekee betri mpya, saa ya ukutani uiache iendelee na kazi yake.

Mengine ni ya kawaida. Kama mnafanya mashindano, pitieni ofisi ya mtaa muage, chora njia kwa chokaa, watoto wakae nyuma ya madereva na si kwenye kona, na anayeenda kuinua gari lililopinduka asubiri wengine wapunguze mwendo. Spea za mikono ya chini inayoshika magurudumu na pini za bodi beba za ziada, kuagiza nje kunachukua wiki na kukimbilia Kariakoo si lazima uzipate. Kofia, maji ya kunywa. Mbwa, mbuzi, bodaboda zinazokatiza. Na kama kuna baiskeli ya madumu imeegeshwa karibu, msalimie mwenyewe umwombe aisogeze.