Jinsi ya kupima ukuaji na kaboni katika mikoko iliyopandwa upya

Ukiuliza msitu uliopandwa umehifadhi kaboni kiasi gani, wengi watakutajia idadi ya miche. Miche si jibu. Huku Ghuba ya Gazi, Kwale, ambako Mikoko Pamoja, mradi wa jamii, inatunza hekta 117 na kuuza kaboni yake, tumezoea kuhesabu kilichosimama na kilicho chini ya tope. Fanya hivi.

1. Ngoja bamvua. Maji yakipwa sana ndipo utafika hata kwenye mililana ya mbele, aina ya mikoko iliyo karibu na bahari. Beba penseli, kwani wino hufutika.

2. Weka viwanja. Pima mita 10 kwa 10, kimoja karibu na bahari, kimoja katikati, kimoja kuelekea nchi kavu. Piga vigingi pembeni na uandike mahali pake kwa GPS. Kila mti upate namba, ifungwe kwa kamba iliyolegea, usipige msumari.

3. Pima unene. Mchu na mkandaa, aina nyingine za mikoko, hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi kama miguu, hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Mwanzoni niliipima yote mita 1.3, na miti mingine nilizungusha futikamba juu ya mizizi; takwimu za msimu mzima hazikufaa kitu. Paka alama ya rangi pale ulipopima ili mwakani urudi palepale. Mzingo gawanya kwa 3.14, utapata kipenyo.

4. Piga hesabu ya mti. Fomula ya jumla ya mikoko ni: kilo za juu ya ardhi = 0.251 × densiti ya mbao × kipenyo kwa kipeo cha 2.46. Mkoko wenye kipenyo cha sentimita 8, kwa densiti ya gramu 0.8 kwa sentimita ya ujazo, unatoa kama kilo 33. Zidisha kwa 0.47 upate kaboni, takriban kilo 16, kisha kwa 3.67 upate hewa ukaa, karibu kilo 58. Jumla ya kilo za kiwanja, ukigawanya kwa 10, ni tani kwa hekta.

5. Chimba tope. Hapa usiharakishe, maana katika misitu mingi ya mikoko sehemu kubwa ya kaboni imo ardhini, si kwenye shina. Shindilia bomba la kuchukulia sampuli hadi mita 1. Kata vipande: sentimita 0–15, 15–30, 30–50 na 50–100. Ondoa magamba ya kombe, kwa sababu kaboni ya chokaa haihesabiwi humu. Kausha kwa nyuzi 60 hadi uzito usibadilike, pima gramu, gawanya kwa ujazo wa kipande kwa sentimita upate densiti, halafu peleka maabara wapate asilimia ya kaboni. Densiti × kina kwa sentimita × asilimia = tani kwa hekta. Kwa mfano, 0.6 × 15 × 5 ni tani 45.

6. Rudia. Miti kila mwaka, mwezi uleule. Tope hubadilika polepole, miaka mitano inatosha. Mti uliokufa usiufute daftarini: andika tarehe na mahali ulipokuwa. Vifo vikijaa upande mmoja, pima mwinuko wa ardhi ya hapo kabla hujapanda tena, kwa kuwa mara nyingi maji hukaa muda mrefu mno.