Kutafsiri "Gangs of New York" kwenye banda la video Dodoma

Filamu hii ya Martin Scorsese ya mwaka 2002 ina dakika 167. Ukiivamia bila maandalizi, watu watatoka na visu na mashoka tu, kisa kimewapita. Itazame mara mbili kabla ya kushika maiki, ya pili ukiandika majina na miaka. Kibali cha Bodi ya Filamu kishughulikiwe mapema, na watoto wasiingie.

Neno linalopoteza watu ni "Natives". Ukisema "wenyeji", watadhani ni Wahindi Wekundu. Hawa ni Wazungu Waprotestanti waliozaliwa Marekani. Waite "wazawa", neno ambalo Mtanzania analijua na anajua linavyomsukuma mgeni kando. Mahasimu wao ni Waayalandi, wengi wao wamekimbia njaa iliyoanza 1845 viazi vilipooza shambani. Hapo taja Mtunya, ile njaa ya Ugogo wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Wazee watakuelewa papo hapo. Vallon, mkuu wao, anaitwa "Priest" na kashika msalaba, lakini si padri, ni kiongozi wa genge.

Mwanzoni kabisa, 1846, Vallon anajinyoa, anajikata shavu, anampa mwanawe wembe. Mtoto anataka kuufuta damu, baba anamkataza. Sema "wembe", kamwe usiseme "kisu": mwishoni mwana anauzika wembe uleule kaburini kwa babake, na aliyesikia "kisu" hataunganisha.

Pambano la kwenye theluji halihitaji maneno. Nyamaza, pandisha sauti ya filamu. Unapoongea, ishushe, na kaa nyuma ya spika. Maiki ikizitazama chini ya bati itapiga mluzi. Wape mapumziko baada ya Bill, kiongozi wa wazawa, kumchoma steringi, yule mwana wa Vallon, shavuni kwa kisu cha moto.

Fujo za mwisho ndizo ngumu. Usiseme vijana "wanapelekwa JKT". Ni sheria ya 1863 ya kuwaingiza watu jeshini kwa lazima, wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani: majina yalichezeshwa bahati nasibu, mwenye dola 300 akajikomboa, maskini akaenda vitani. Fujo zilianza tarehe 13 Julai, hasira zikawageukia watu weusi, na kituo cha yatima wao kikachomwa moto. Filamu inapita hapo haraka mno. Simamisha picha, ueleze.

Wakiuliza kama Bill alikuwepo kweli, waambie ametokana na William Poole, mwenye bucha aliyekufa kwa risasi 1855, miaka minane kabla ya fujo hizo.